Tunu ya Mhitimu Aendaye Porini na Baharini: Namna ya Kuchagua Chombo cha Kuonyesha Njia

Mahafali yanapokaribia, na jamaa wakaanza kuulizana ni kitu gani kitafaa kumpa kijana aliyemaliza masomo yake, aghalabu fikira za wengi huelekea kwenye simu, saa ya mkononi, suti ya kuanzia kazi au bahasha ya fedha, na vitu hivyo vyote ni vyema, wala sina neno juu yake. Lakini wako wahitimu ambao elimu waliyoipata haitawaweka mezani, itawapeleka porini, milimani na baharini: bwana misitu aliyesoma katika Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro, mhifadhi wa wanyamapori aliyefundishwa Mweka, chini ya Mlima Kilimanjaro, katika chuo kilichofunguliwa mwaka 1963, mjiolojia, mpima ardhi, na baharia aliyehitimu Chuo cha Bahari Dar es Salaam au chuo cha mabaharia kule Mombasa. Kwa watu wa namna hiyo, chombo cha kuonyesha njia ni tunu itakayoshikwa siku ya kwanza ya kazi na siku nyingi baadaye, maadamu imechaguliwa kwa maarifa. Mwongozo huu nauandika kwa mzazi, mjomba, shangazi au rafiki ambaye nia ya kutoa anayo, na fedha kiasi anazo, ila hajui aanzie wapi.

Chombo hiki hakichaguliwi kwa uzuri wa umbo wala kwa wingi wa mambo yaliyoandikwa juu ya sanduku lake. Huchaguliwa kwa kutazama mahali kitakapokwenda na mkono utakaokishika. Kwa hiyo, kabla hujaingia dukani, zungumza na mhitimu mwenyewe, au mwenziwe aliyetangulia kazini, upate kujua atapangiwa wapi, atatembea kwa miguu au kwa gari, atarudi kituoni kila jioni au atalala nje wiki nzima, na idara itakayomwajiri huwapa watumishi wake vifaa gani, usije ukamnunulia kitu ambacho atakabidhiwa bure kwa kutia sahihi katika daftari la stoo. Ikiwa atakaa mjini, au safari zake zitakuwa za barabara kuu peke yake, usinunue chombo chochote, kwa sababu simu aliyo nayo mfukoni ina kipokezi cha GPS ndani yake, na kipokezi hicho hufanya kazi hata pasipo mtandao wa simu, mradi ramani ya nchi imekwisha kupakuliwa mapema kwa programu kama OsmAnd au Organic Maps. Kile kioo cha GPS cha kubandika mbele ya dereva, ambacho zamani kilikuwa fahari ya kila gari, nacho kimepitwa na simu, wala sioni sababu ya mtu kukinunua leo. Saa za mkononi zenye GPS zinawafaa wakimbiaji. Anayekwenda kutafuta kigingi cha mpaka ndani ya kichaka zitamchosha macho.

Simu, pamoja na uwezo wake wote, ina upungufu ambao hudhihirika mtu akiwa mbali na umeme. Kipokezi kikiwa wazi na kioo kikiwaka tangu asubuhi, betri yake haifiki magharibi. Vidole vyenye jasho au matone ya mvua huifanya isitii. Jua la saa saba hukifanya kioo chake kisisomeke. Na ikianguka juu ya jiwe hupotea kwa mara moja njia ya kazi na njia ya kuwasiliana na nyumbani. Chombo cha mkononi kilichotengenezwa kwa ajili ya porini huendeshwa kwa vitufe, kioo chake kinazidi kusomeka kadiri jua linavyozidi, na vingi vyake vina daraja la kinga ya maji liitwalo IPX7, maana yake kikizama katika maji ya kina cha mita 1 kwa muda wa dakika 30 kitatoka kizima. Daraja hilo ulitafute katika maandishi ya sanduku, na lisipokuwapo uache.

Ni vizuri mnunuzi afahamu, japo kwa ufupi, chombo hiki hufanyaje kazi, kwa kuwa ufahamu huo utamkinga na maneno ya wachuuzi. Marekani ilirusha setilaiti ya kwanza ya GPS mwaka 1978, na mfumo mzima ukatangazwa kuwa umekamilika mwaka 1995, ukiwa na setilaiti 24 zizungukazo dunia kwa umbali wa kilomita 20,200 hivi juu yetu. Mpaka mwezi wa Mei mwaka 2000 serikali hiyo ilikuwa ikiharibu kwa makusudi usahihi wa mawimbi yanayopokelewa na raia, hata kosa la mita 100 likawa jambo la kawaida. Ilipoacha, kosa likashuka kufikia mita chache. Warusi na mfumo wao wa GLONASS, Ulaya na Galileo, na Wachina na BeiDou, wote wametia setilaiti zao angani, na chombo kizuri cha leo husikiliza mifumo miwili, mitatu au zaidi kwa pamoja. Nasema husikiliza, kwa sababu hakitumi neno lolote: hupokea saa na mahali pa kila setilaiti, na kikipata walau nne hupiga hesabu ya mahali kilipo. Wazazi wengi hudhani kwamba mtoto mwenye GPS akipotea ataonekana na mtu fulani aliye mbali. La hasha, chombo cha kawaida kinamwambia mwenyewe alipo, na hakimwambii mwingine yeyote.

Kwa bwana misitu atakayepelekwa Usambara au Udzungwa, ambako majani yamefunika anga na mabonde yana kuta, kuna sifa moja ninayoiona inastahili kuongezewa fedha, nayo ni uwezo wa kupokea mawimbi ya aina mbili kutoka kila setilaiti badala ya aina moja. Mawimbi yanayogonga ukuta wa mlima kabla ya kufika huchelewa kidogo, na kuchelewa huko hukihadaa kipokezi kikadhani kiko mahali pengine. Chenye aina mbili za mawimbi hupambanua hadaa hiyo kwa wepesi zaidi. Katika bidhaa za Garmin, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1989 na ambayo vyombo vyake ndivyo vinavyoonekana zaidi mikononi mwa watu wa kazi hizi, sifa hiyo utaipata katika GPSMAP 65s. Kwa mhitimu atakayefanya kazi katika nyanda zilizo wazi, kama Ruaha au mbuga za Dodoma na Singida, ziada hiyo haina lazima, na eTrex 22x, iliyotoka mwaka 2019 ikiuzwa Marekani kwa dola 200 hivi, itamtosha kabisa.

Juu ya betri nina rai ambayo baadhi ya vijana watanipinga, lakini siiachi. Zipo aina mpya zenye betri iliyofungiwa ndani, ambazo watengenezaji wanatuahidi kuwa zitadumu siku nyingi bila kuchajiwa, na ahadi hiyo ni ya kweli kifaa kikiwa kipya; walakini betri ya ndani huchakaa kama zichakaavyo betri zote, na siku itakapochakaa, chombo kizima kitasubiri fundi aliye mbali. Eleza hali hiyo kwa mtu aliye Katavi. Chombo kinachotumia betri mbili za AA, zile zile zinazotiwa katika rimoti na saa za ukutani, kinaweza kufufuliwa katika duka lolote la kijiji, saa yoyote ambayo mwenye duka yuko macho. Ni kweli kwamba betri za bei nafuu za dukani huisha haraka, hata zile saa 25 za eTrex 22x zilizoandikwa na mtengenezaji zikawa ndoto. Basi ongeza katika zawadi yako betri nne za kuchajiwa pamoja na chaja yake, mbili zikae ndani na mbili mfukoni, na umwonyeshe mhitimu sehemu ya menyu inayouliza aina ya betri iliyotiwa, maana asipoibadilisha, chombo kitasoma nguvu iliyobaki kwa makosa na kuzimika bila hadhari.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo wauzaji hawalisemi, na ambalo limewapoteza watu wenye vyombo vya thamani mikononi mwao. Ramani za karatasi za Kenya, Uganda na Tanzania za kipimo cha 1:50,000, ambazo nyingi zilichorwa na idara ya upimaji ambayo Uingereza iliianzisha mwaka 1946 kwa ajili ya makoloni yake, kwa msaada wa picha zilizopigwa kutoka ndegeni, zimejengwa juu ya msingi wa upimaji uitwao Arc 1960. Ilhali chombo cha GPS, kinapotoka kiwandani, husema kwa msingi mwingine, WGS 84, unaotumika dunia nzima. Misingi hii miwili haipatani. Mahali pamoja, penye mti ule ule, patasomwa kwa msingi huu na kwa msingi ule kwa tofauti ya mita 300 hivi, sehemu kubwa yake ikiwa ya kaskazini na kusini. Mtu aliye barabarani hatahisi kitu. Bali bwana misitu anayetafuta kiwanja cha kupimia miti kilichowekwa na waliomtangulia, au mhifadhi anayeulizwa na wanakijiji kama shamba la fulani liko ndani ya hifadhi au nje, kwake mita 300 ni kesi mahakamani.

Kwa hiyo zawadi yako haijawa tayari mpaka umekaa nayo nje ya nyumba, mahali penye anga wazi, na kuifungua. Mara ya kwanza kuwashwa katika nchi mpya iache robo saa nzima bila kuihamisha, kwa sababu orodha kamili ya setilaiti huchukua dakika 12 na nusu kupokelewa kutoka angani. Kisha ingia katika menyu ya matayarisho, palipoandikwa "Position Format", uchague UTM, yaani mpangilio unaoandika mahali kwa mita ndani ya kanda zenye nambari. Shuka mstari wa pili, palipoandikwa "Map Datum", uchague ARC 1960 ikiwa mhitimu atatumia ramani za karatasi, au uache WGS 84 ikiwa ofisi yake inapokea takwimu kwa kompyuta na haitaki karatasi. Rudi nyuma utazame kioo. Ukiwa Morogoro utaona kwanza 37 M, kisha tarakimu sita za kwenda mashariki, kisha tarakimu saba za kwenda kaskazini zianzazo na 9. Hiyo 37 ni kanda. Dodoma iko kanda ya 36, Kigoma kanda ya 35, na mstari unaotenga 36 na 37 ni ule wa nyuzi 36 za longitudo ya mashariki, unaopita kati ya Dodoma na Morogoro. Herufi M inaonyesha ukanda wa latitudo, kutoka ikweta hadi nyuzi 8 za kusini, wala isichukuliwe kuwa alama ya kitu kingine. Mwandikie mhitimu mambo haya katika ukurasa wa kwanza wa daftari atakalokwenda nalo porini, pamoja na agizo kwamba kila nambari ya mahali anayoiandika aitangulize kwa jina la msingi alioutumia. Nambari zisizo na jina la msingi ndizo zinazowatesa wanaokuja kusoma daftari miaka kumi baadaye.

Ramani yenyewe ya karatasi ni sehemu ya zawadi, nami naitaja kwa msisitizo kwa kuwa husahauliwa. Kila karatasi ya 1:50,000 inachukua dakika 15 za latitudo kwa dakika 15 za longitudo, yaani eneo la kilomita 27 na kitu kila upande, na sentimita 2 juu yake ni kilomita 1 ya ardhi. Karatasi hizi huuzwa na ofisi za upimaji na ramani za serikali. Ukijua wilaya atakayopangiwa, nunua karatasi mbili tatu za mahali hapo, uziweke ndani ya mfuko wa plastiki mgumu. Barabara zilizochorwa humo nyingi zimehama au zimekufa, na vijiji vimeongezeka, lakini milima, mito na miinuko haikuhama, na mtu ajuaye kusoma mistari ya miinuko atajua kwa kutazama tu kwamba njia fupi iliyo mbele yake ina korongo katikati.

Ramani haina faida kamili bila dira. Ningeambiwa nichague kitu kimoja tu cha kumpa mhitimu, nami sina fedha za vyote viwili, ningenunua dira iliyo bora na kuiacha GPS ya bei rahisi, kwa sababu dira haina betri, haina menyu, na ikitunzwa huweza kutumika mpaka mwenyewe anastaafu. Iliyo bora kwa kazi ya ramani ni dira ya kibao, yaani ile iliyowekwa juu ya ubao wa plastiki safi ambao mtu huona ramani kupitia kwake, wenye rula pembeni na vipimo vya 1:50,000, na duara la nyuzi 360 lizungukalo kwa mkono. Silva ya Sweden na Suunto ya Finland, hii ya pili ikiwa imeanzishwa mwaka 1936, ni majina unayoweza kuyaamini. Yenye kioo cha kujitazamia kwenye kifuniko ni ghali zaidi, na humsaidia mtu kulenga kilele cha mbali huku akisoma nyuzi. Kwa mjiolojia na mpima ardhi ninaipendekeza, kwa wengine si lazima.

Walakini kuna siri moja katika ununuzi wa dira ambayo mtu wa Afrika ya Mashariki hana budi kuijua. Sumaku ya dunia haivuti sindano kwa usawa peke yake. Huivuta pia kwenda chini, na mvuto huo hugeuka kwa kadiri mtu anavyokwenda kaskazini au kusini. Ikweta ya sumaku hupita kaskazini yetu, upande wa Uhabeshi, kwa hivyo Kenya, Uganda na Tanzania zote ziko kusini yake, na kwetu ncha ya kusini ya sindano ndiyo inayoelemea chini. Dira iliyosawazishwa kwa ajili ya Ulaya, ikiletwa Dar es Salaam, sindano yake huinama upande mmoja, ikasugua kibweta chake, na kusimama kabla ya kufika inapotakiwa. Mwenye dira hiyo husoma nyuzi za uongo kwa uhakika mkubwa. Dukani, basi, iweke dira juu ya kiganja, uishike sawasawa, ugeuke nayo polepole robo ya duara, utazame kama sindano inaelea bila kugusa juu wala chini. Kisha uinamishe kiganja kidogo, uone kama bado inaelea. Lete funguo karibu mpaka sindano ihame, uziondoe, na uangalie kama inarudi pale pale ilipokuwa. Fanya hivyo mara kadhaa. Ukiagiza kutoka nje, taja waziwazi kwamba unataka iliyosawazishwa kwa eneo letu, au ile yenye sindano ya dunia nzima, ambayo Suunto huitia alama ya herufi G mwishoni mwa jina, kama MC-2 G. Kiputo cha hewa kilicho kama kichwa cha kiberiti ndani ya majimaji yake hakidhuru. Kikubwa kuliko hapo, irudishe.

Mwambie pia mhitimu asiiweke dira mfuko mmoja na simu. Sumaku iliyo ndani ya spika ya simu, zikikaa pamoja kwa muda, huweza kuigeuza sindano hata ncha ya kaskazini ikaelekea kusini, na jambo hili limewapata watu wazoefu. Kuhusu tofauti baina ya kaskazini ya sumaku na kaskazini ya kweli, kwetu ni nyuzi chache tu, wala haiko sawa kila mahali, na ile iliyochapwa pembeni mwa ramani za zamani imekwisha kubadilika. Hata hivyo kosa la nyuzi 1 huzaa mita 17 katika kila kilomita, na mtu aliyekosea nyuzi 3 katika mwendo wa kilomita 5 atatokea mita 260 kando ya kisima anachokitafuta. Dira yenye skrubu ya kurekebishia tofauti hiyo inamwondolea hesabu hii kichwani.

Baharia nimemwekea nafasi yake, kwa kuwa mahitaji yake ni mbali na ya hao wengine. Watu wa mwambao walishika njia kwa nyota na pepo za kaskazi na kusi tangu zamani, na rubani aliyempeleka Vasco da Gama kutoka Malindi hadi Calicut mwaka 1498 aliitegemea elimu hiyo. Mhitimu wa leo ataikuta meli imejaa rada, ramani za kompyuta na vipokezi vya kila aina, vyote mali ya mwenye meli, naye hahitaji kupewa kingine cha jinsi hiyo. Kinachomfaa afisa kijana ni kitu cha kushika mkononi katika zamu ya usiku: darubini ya 7x50, yaani inayokuza mara saba na yenye vioo vya mbele vya milimita 50 vinavyokusanya mwanga hafifu, na hasa ile iliyo na dira ndani, ambayo mtu akitazama mnara wa taa huona chini ya picha nyuzi za upande ulipo. Bikari na rula sambamba zilizo zake mwenyewe atazipenda. Na kama ni mtu wa kupenda hesabu za jua na nyota, sekstanti ya plastiki ya Davis, ambayo bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya zile za shaba, itamwezesha kujizoeza akiwa hana zamu bila kuomba ruhusa ya kugusa ya meli. Zoezi hili halijapitwa na wakati: katika miaka ya karibuni meli zinazopita Bahari ya Shamu na Ghuba ya Uajemi, njia ambazo mabaharia wetu wengi huzipita, zimepata kuona mawimbi ya GPS yakivurugwa, chombo kikionyesha meli iko nchi kavu.

Kwa kijana anayerudi Kilwa, Pemba au Lamu kusimamia uvuvi au hifadhi za bahari kwa mashua, nunua chombo cha mkononi kinachoelea kikianguka majini, kama GPSMAP 79, ukifunge kamba hata hivyo. Hapa usiweke UTM wala Arc 1960. Weka nyuzi na dakika zenye desimali, na umbali kwa maili za bahari, kwa kuwa dakika 1 ya latitudo ni maili 1 ya bahari, ambayo ni mita 1,852, na nahodha akitazama ukingo wa chati anapima masafa bila rula.

Kuna vyombo vinavyotuma ujumbe na kuomba msaada kwa setilaiti, kama inReach inayotumia setilaiti za Iridium, na mzazi mwenye wasiwasi huvutwa navyo sana. Vina manufaa makubwa kwa mtu anayelala peke yake mbali na mtandao. Lakini kabla ya kununua ujue mambo mawili: vinadai ada, na ada hiyo ikikoma chombo hakitumi neno, kwa hiyo usimpe mhitimu asiyepata bado mshahara deni la kila mwezi isipokuwa wewe mwenyewe unalibeba kwa mwaka wa kwanza, na vifaa vya mawasiliano ya setilaiti huweza kuhitaji kibali, kwa hivyo iulizwe kwanza mamlaka ya mawasiliano ya nchi atakayofanyia kazi.

Vilivyotumika sivikatai, kwani wengi wetu hatuna fedha za vipya, ila vichunguze. Fungua nyuma utazame kama vyuma vinavyogusa betri vimeota kutu ya kijani. Bonyeza kila kitufe. Pinda kidogo mpira unaozuia maji uone kama umekauka na kupasuka. Soma nambari ya chombo na uhakikishe haijakwanguliwa. Kisha kiwashe nje, kikishapata mahali pake, utazame tarehe. Setilaiti za GPS huhesabu wiki hadi 1,024 kisha huanza upya, na hesabu hiyo ilianza upya tarehe 6 Aprili 2019. Vyombo vya zamani visivyorekebishwa vinaonyesha tarehe ya nyuma kwa karibu miaka 20, ingawa mahali vinaweza kupaonyesha sawasawa. Kwa mtu anayetunza kumbukumbu za doria, chombo kisichojua mwaka hakifai, hata kikiuzwa kwa bei ya kutupa.

Yote haya yakijumlishwa, yaani chombo, betri na chaja, dira, karatasi za ramani na daftari la karatasi zisizolowa, gharama yake huzidi uwezo wa mtu mmoja, nami nashauri jamaa wagawane mapema, miezi miwili kabla ya mahafali, ili kila kitu kifike, kifunguliwe, kijaribiwe, na kikiwa kibovu kirudishwe dukani risiti ikali hai. Mjomba achukue dira, kwa kuwa yataka kuchaguliwa kwa mkono; shangazi aliye karibu na ofisi ya ramani achukue karatasi; ndugu wadogo wachangie betri na daftari. Na ikiwa yuko jamaa Muscat au Dubai anayekuja likizo, yeye aagizwe chombo chenyewe, lakini aandikiwe jina kamili na nambari ya aina, asije akashawishiwa kununua cha gari, tena aambiwe kwamba ramani iliyotiwa ndani huenda ikawa ya Bara Arabu, wala asihangaike nayo, kwa sababu ramani za Afrika ya Mashariki zilizotengenezwa kutokana na OpenStreetMap hupatikana bure, na kuziingiza ni kazi ya jioni moja kwa yeyote mwenye kompyuta na waya.